Wivu: Neno Tunalowatwika Wenzetu



Katika mitaa ya Lubumbashi kuna neno moja linalobebeshwa mizigo mingi kuliko nguvu zake. Duka likifungwa Kamalondo, husemwa ni wivu. Mtoto akishindwa mtihani wa Serikali baada ya kusifiwa mwaka mzima, husemwa ni wivu wa majirani. Ndoa ikivunjika, mwimbaji akiondolewa mstari wa mbele wa kwaya, mfanyakazi akihamishwa kutoka ofisini kwenda ghalani, jibu huwa tayari kabla ya swali: wivu. Na asiyelisema kwa Kiswahili hulisema kwa Kifaransa, maana ikabaki ile ile.

Tukichunguza namna tunavyolitamka, tunagundua jambo la kushangaza. Karibu kila mara neno hili huwahusu watu wengine. Twasema, “wana wivu,” au “ananionea wivu.” Ni nadra mno kumsikia mtu akisema mbele ya wenzake, “mimi ninaona wivu.” Katika jumuiya zetu tumewasikia ndugu wakikiri ulevi, hasira na uvivu, lakini dhambi hii haina mwenyewe. Ikiwa kila mmoja wetu anaonewa wivu na hakuna hata mmoja anayeuona, basi hesabu yetu ina kasoro. Ndiyo maana tumeona vema kulifuata neno hili, kwanza katika lugha yenyewe, kisha katika historia ya mji wetu, ambamo limegharimu zaidi ya tunavyopenda kukumbuka.

Kiswahili hakina neno moja tu kwa jambo hili. Kina wivu, kina kijicho, kina husuda. Wivu ndilo neno pana kuliko yote. Mume humwonea mkewe wivu, na mke mumewe, kwa hofu ya kupokonywa kilicho chake. Na jirani humwonea jirani wivu kwa sababu ya nyumba ambayo haikuwa yake kamwe. Husuda ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni nzito zaidi: ni kutamani neema ya mwenzio iondoke, hata kama wewe hutapata chochote. Anayeibeba huitwa hasidi, na wahenga walimhukumu kwa maneno matatu tu: hasidi hana sababu. Kijicho ni neno la picha. Ni jicho lililodunishwa, jicho dogo, linalotazama chakula cha mwenzake na kukihesabu.

Mitaani kwetu husuda ni neno la kitabuni, na kijicho halisikiki sana. Wivu umemeza yote mawili. Kwa hiyo mlezi anayelinda ndoa yake, kijana anayetamani kusoma kama rafiki yake, na mtu anayefurahi gari la jirani likigongwa, wote watatu tunawaita kwa jina moja. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Tutazame pia kitenzi kinachoandamana na neno hili. Kiswahili hupenda kutumia kuona kwa mambo yanayohisiwa moyoni na mwilini: twaona baridi, twaona njaa, twaona haya, twaona wivu. Kisha twasema kumwonea mtu wivu. Sasa ondoa neno la mwisho. Kinabaki kumwonea mtu, na kila mmoja wetu anajua maana yake: ni kumdhulumu kwa kuwa huna hofu naye. Kutokana na kitenzi hicho tumepata uonevu. Hatusemi kwamba wazee walikaa chini wakalipanga hivyo. Twasema tu kwamba lugha imeweka njia hiyo wazi mbele yetu: kuona, kuonea wivu, kuonea. Njia ni fupi, na wengi wameipita.

Wala si Waswahili peke yao walioliona jicho katika jambo hili. Neno la Kilatini invidia, ambalo Kanisa limelitumia tangu kale katika orodha ya vilema vikuu saba, linatokana na kitenzi cha kuona. Ni kumtazama mtu vibaya. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Matayo, mwenye shamba anamwuliza yule mfanyakazi mnung’unikaji kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye mwenye shamba ni mwema. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, anasimulia kwamba alimwona mtoto mchanga, asiyeweza hata kusema, akimtazama kwa uso uliosawijika mtoto mwenzake aliyenyonya maziwa ya mama yule yule. Maziwa yalitosha wote wawili. Kilichomuumiza mtoto hakikuwa njaa.

Hata hivyo Maandiko hayalichukulii neno wivu kuwa baya siku zote. Katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, Mungu wa amri kumi anatajwa kuwa mwenye wivu, na Yesu anapowafukuza wafanya biashara Hekaluni, wanafunzi wanakumbuka zaburi inayotaja wivu wa nyumba ya Mungu. Lakini pale Pilato anapotambua ni kwa nini wakuu wamemtoa Yesu, watafsiri hao hao wamechagua husuda. Na pale mtume Paulo anapowaandikia Wakorinto kuhusu mapendo, wamechagua kitenzi kuhusudu. Waliona kwamba moto unaolinda nyumba na moto unaoiteketeza nyumba ya jirani haustahili kuitwa kwa jina moja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliweka jambo hili katika mpangilio unaotufaa hadi leo. Mtu, asema, anaweza kuhuzunika kwa sababu ya mema ya mwenzake kwa njia nne. Anaweza kuhuzunika kwa kuwa mema hayo yatamletea madhara yeye au wengine. Hiyo ni hofu, nayo mara nyingine ni ya haki, kama vile mtu anapomwona mwonevu akipewa mamlaka. Anaweza kuhuzunika kwa kuwa yeye hana jambo jema ambalo mwenzake analo. Hiyo ni bidii, nayo ikielekezwa vizuri humjenga. Anaweza kuhuzunika kwa kuwa aliyepata hastahili. Hiyo ni ghadhabu, nayo yahitaji kupimwa. Mwishowe, anaweza kuhuzunika kwa sababu tu mwenzake amemzidi. Hiyo ya nne peke yake ndiyo kijicho halisi, kwa maana inauhuzunikia wema wenyewe.

Tukiwa na taa hiyo mkononi, tugeukie mji wetu.

Lubumbashi ulizaliwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, nayo ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana hapa. Watu wakaletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ilifika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na njia ya Kasai ikafunguka kabisa. Wakati huo huo kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ili wasiondoke. Hivyo watu ambao babu zao hawakuwahi kuonana walijikuta wakigawana ukuta, bomba la maji na mstari wa kupokea posho. Kiswahili, kilichokuwa kimekwisha kufika Katanga kwa misafara ya biashara na kwa misioni, kikawa lugha yao ya kazini, ya sokoni na ya kanisani.

Lakini pamoja na lugha, watu hao walifundishwa pia namna ya kutazamana. Wakoloni walikuwa na mazoea ya kuyapanga makabila kama bidhaa: hawa ni hodari, hawa ni wavivu, hawa wanafaa ukarani, hawa wanafaa jembe. Waluba wa Kasai walisifiwa kuwa wepesi wa kujifunza, na wengi wao walipata nafasi za ukarani na kazi za reli. Anayesifiwa hivyo hujiona. Anayelinganishwa hivyo huumia. Jicho lililoanza kupima halikuwa la jirani. Lilikuwa la mwajiri, na majirani waliliazima.

Katika kambi hizo hizo kilitokea kitu kingine, ambacho sisi walei hatupaswi kukisahau. Padre Placide Tempels, Mfransiskani aliyefika Kongo mwaka 1933 na ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa hapa Élisabethville mwaka 1945, alikwenda Kolwezi, na mwaka 1953, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, ikaanza Jamaa. Watu wa Jamaa hawakuwa na majengo wala bendera. Walikuwa na mawazo matatu waliyoyarudia kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Kwao mtu hakamiliki peke yake. Anaishi kwa kuzaliwa moyoni mwa mwingine na kumzaa mwingine moyoni mwake. Tukilitazama neno letu kwa mafundisho hayo, twaelewa mara moja kwa nini kijicho ni kitu cha kutisha. Anayehuzunika kwa uzima wa mwenzake anapunguza uzima wenyewe, na wa kwake pia umo ndani. Kolwezi ya mwaka 1953 ilikuwa imepata dawa. Tuukumbuke mji huo, kwani tutaurudia.

Mnamo Desemba 1957 ulifanyika hapa uchaguzi wa kwanza wa komini. Katika komini za Waafrika, waliochaguliwa kuwa wakuu hawakuwa wazaliwa wa Katanga, na wengi wao walitoka Kasai. Wapiga kura walikuwa wametumia haki yao. Lakini wengi wa wenyeji waliuona uchaguzi ule kama mlango uliofungwa usoni mwao, katika nchi waliyoiita yao. Mwaka uliofuata likaundwa Shirikisho la Vyama vya Makabila ya Katanga, Conakat, lililoungwa mkono baadaye na walowezi Wazungu waliokuwa na sababu zao wenyewe. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikatangaza kujitenga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikuwa wakiishi katika kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji huu huu, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa dhidi ya watu waliokuwa wakisali nao.

Je, ulikuwa wivu? Hapa ndipo tunapopaswa kwenda polepole. Mzaliwa wa Katanga aliyelalamika kwamba mtoto wake hapati shule wala kazi alikuwa na hoja. Kumjibu, “una wivu tu,” kulikuwa ni kumziba mdomo, na wengi walizibwa hivyo. Hilo ndilo kosa la kwanza ambalo neno hili huturahisishia: kuiita haki wivu. Mwenye nacho hulipenda neno wivu, kwa sababu linamwondolea wajibu wa kusikiliza. Lakini kuna kosa la pili, nalo ni kinyume cha lile: kuuita wivu haki. Aliyelalamika kuhusu shule alianza kudai si kwamba mtoto wake pia asome, bali kwamba mtoto wa jirani asisome. Siku hiyo madai yake yalibadilika jina, ingawa yeye mwenyewe hakutambua.

Miaka thelathini baadaye kosa hilo la pili lilirudi na nguvu zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa, posho ikapungua, hospitali na shule za kampuni zikadhoofika. Mkate ulipungua, na macho yakaanza kuzihesabu sahani za wengine. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, ghasia zilizuka Lubumbashi, kisha Likasi. Na mwaka 1993 zikaifikia Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi walikaa majuma na miezi wakingoja treni, chini ya mvua, na wengi walikufa hapo hapo au njiani.

Kolwezi ndiyo ile ya Jamaa. Miaka arobaini tu ilikuwa imepita. Wengi waliofukuza na wengi waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale, na walitukanana kwa Kiswahili kile kile walichosalia.

Na baada ya hapo, je, mishahara ilirudi? Haikurudi. Nyumba zilizoachwa zilipata wakazi wapya, viti vya ofisi vikapata wakaliaji wapya, lakini migodi haikuinuka kwa sababu hiyo. Mwaka 1994 shaba ilipungua tena. Wafanyakazi wa shamba la mizabibu hawakumwonea kijicho mwenye shamba, aliyekuwa na mali yote. Walimwonea yule mwenzao wa saa kumi na moja, aliyepata dinari moja kama wao. Aristotle alikwisha kusema kwamba wivu hukaa kati ya walio karibu, kwa mahali, kwa umri, kwa cheo. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shaba ilikuwa imeondoka na treni kwa miaka themanini, lakini macho yetu hayakuifuata. Yalibaki kwenye nyumba ya pili.

Twayasema haya si kwa kuwahukumu wazee wetu, wala kwa kufungua vidonda. Mwenye kovu usidhani kapoa. Tunaishi nao, twakaa nao benchi moja kanisani, na wengine ni sisi wenyewe. Twayasema kwa sababu miaka hii ya karibuni, watu wa Kasai walipoanza tena kufika kwa treni na malori wakitafuta riziki, tumeyasikia maneno ya zamani yakirudi mdomoni mwa vijana ambao mwaka 1992 hawakuwa wamezaliwa. Na kwa upande mwingine tumesikia jibu la zamani nalo likirudi: “wana wivu, wavivu hao.” Makosa yote mawili yako hai, na yote mawili yanajificha nyuma ya neno moja.

Basi tufanyeje na neno hili? Tunapendekeza mambo mawili, na yote mawili ni madogo.

La kwanza ni kuyarudisha maneno mahali pake. Tunapotaka kusema “ana wivu,” tujiulize ni lipi kati ya yale manne ya Mtakatifu Tomaso. Je, anaogopa kudhulumiwa? Basi asikilizwe. Je, anatamani naye apate? Basi asaidiwe. Je, anaona kwamba mgawanyo haukuwa wa haki? Basi hesabu zifunguliwe mbele ya wote. Kipimo ni rahisi kukisema, ijapokuwa ni kigumu kukishika: mwenye kudai haki hutosheka wote wawili wakipata, mwenye kijicho hutosheka wote wawili wakikosa. Aliyefurahi jirani yake alipopanda treni ya Kasai, ilhali yeye mwenyewe alirudi nyumbani na sufuria tupu, alikuwa amepewa jibu.

La pili ni kulitoa neno kwa wengine na kulirudisha kwetu. Wivu ni neno la maungamo. Tumelifanya kuwa neno la mashtaka. Katika mkutano ujao wa jumuiya, badala ya kuuliza ni nani anayetuonea wivu, kila mmoja amkumbuke kimya mtu mmoja ambaye mafanikio yake yanamchoma, na amtaje mbele ya Mungu kwa jina. Si lazima wengine wasikie. Jicho lililojitambua kuwa limepungua limekwisha kuanza kupona.

Tulisema kwamba lugha yetu ina njia fupi kutoka kuona hadi kuonea. Namshukuru Mungu, twasema sote kwa pamoja, kwamba kitenzi hicho hicho kina njia nyingine. Twaweza kumwonea mtu wivu, na twaweza kumwonea. Lakini twaweza pia kumwonea huruma. Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyelala njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko. Msamaria naye alimwona. Jicho la wote watatu lilipokea picha moja. Yule wa tatu, ambaye kwa Wayahudi alikuwa mgeni asiyetakiwa, ndiye aliyesimama.

Mji wetu umejengwa na wageni waliotazamana. Tumwombe Bwana atufundishe kutazama upya, kuanzia nyumba ya pili.